Ndege bado inaruka vizuri, sasa inastaafishwa ya nini?

Tarehe 15 Mei 2024 ndege moja nyeupe ya injini nne ilipaa kutoka Palmdale, California, ikaenda kutua Pocatello kule Idaho, na hapo ndo ikawa mwisho wake. Ni ile DC-8 ya NASA, maabara ya kuruka iliyofanya kazi ya sayansi miaka 37. Kinachochanganya watu ni kwamba ilifika yenyewe, injini zote nne zinafanya kazi, haikuvutwa wala kubebwa na mtu, na wiki sita tu kabla ya hapo ilikuwa ndo imerudi kutoka Asia kwenye kampeni nzito ya kupima hewa chafu. Kwa hiyo swali la watu ni la haki kabisa: kama Machi ilikuwa inazunguka Asia, Mei imepatwa na nini?

Haikupatwa na kitu, na hapo ndo pa kuanzia. Sisi tukisikia ndege imestaafu tunafikiria gari bovu lililopaki nyuma ya nyumba, kumbe kustaafu kwa ndege ni mambo kadhaa tofauti ambayo tunayafunga furushi moja tunaliita uzee. Ukilifungua lile furushi unakuta chuma chenyewe wala hakiongozi foleni.

Kwanza historia kidogo maana ina uzito wake. Ndege hii ilitoka kiwandani 1969, mwaka ule ule Armstrong anakanyaga mwezi, na haikutengenezwa kwa ajili ya sayansi hata kidogo, ilikuwa ya kubeba abiria wa Alitalia ya Italia, baadaye ikahamia Braniff ya Marekani. NASA wakaichukua 1985 kwa sababu walikuwa wamebaki mikono mitupu. Ndege yao kubwa ya utafiti ilikuwa Convair 990 iliyoitwa Galileo, hiyo mwaka 1973 iligongana angani na ndege ya jeshi la majini ikija kutua Moffett Field na watu wote 11 waliokuwa ndani wakafa. Wakatafuta Convair nyingine, wakaiita Galileo II, nayo Julai 1985 ikiwa inakimbia kupaa kwenye kambi ya jeshi iitwayo March tairi zikapasuka, moto ukashika, ndege ikateketea yote, ila safari hii kila mtu alitoka mzima. Kwa hiyo DC-8 iliingia ikiwa mrithi wa ndege mbili zilizoondoka vibaya, na ukijua hivyo unaona kwamba kumaliza kazi kwa kutua taratibu kwenye uwanja wa Pocatello sio jambo dogo.

Kabla ya kuanza kazi iliwekewa injini mpya za CFM56 badala ya zile za zamani zilizokuwa zinanguruma na kunywa mafuta bila huruma. Hili likumbukeni, tutalirudia.

Sasa uzee wa chuma

Mwili wa ndege hauhesabu miaka kama sisi. Unahesabu safari. Kila ndege ikipanda juu hewa ya ndani inashindiliwa ili watu wapumue, mwili unavimba kidogo sana, ikishuka unarudi, na mchezo huo wa kuvimba na kurudi ndo unaochosha aluminiamu. Chukua waya upinde huku, upinde kule, mara kumi hamna kitu, ghafla unakatika. Mfano unaotajwa kila siku ni Boeing 737 ya Aloha Airlines kule Hawaii, Aprili 1988, paa la mbele likang'oka ndege ikiwa angani. Ile haikuwa ndege ya kizamani sana kwa miaka, ilikuwa na kama 19 hivi, ila ilikuwa inafanya safari fupi fupi za kisiwa hadi kisiwa, imevimba na kurudi zaidi ya mara 89,000, na chumvi ya bahari nayo ilikuwa inakula viungo vyake pole pole.

Ndege ya utafiti iko upande wa pili wa hadithi hiyo. Inaruka saa nyingi kwa safari moja, nane, kumi, hata kumi na mbili, halafu inaweza kukaa hangarini miezi watu wanafunga na kufungua mitambo. Kwa hiyo ndege ya miaka 55 inaweza kuwa na mwili wenye safari chache kuliko ndege ya abiria ya miaka 15 inayopanda na kushuka mara sita kwa siku. DC-8 zenyewe zilijengwa nene, enzi ambazo mainjinia hawakuwa na kompyuta za kuwaambia wapunguze chuma wapi, wakawa wanaongeza tu kwa usalama. Tarehe 21 Agosti 1961 DC-8 moja kwenye majaribio ilipigishwa mbizi kwa makusudi ikapita kasi ya sauti, ikarudi nzima, na ni ndege ya abiria jamani.

Sisemi chuma hakizeeki. Kutu iko, hasa kwa ndege inayotumwa kuruka chini chini juu ya bahari, na nyaya zilizofunikwa plastiki ya miaka ya sitini zinakakamaa na kupasuka. Ukaguzi wa ndege kongwe unazidi kuwa mrefu kila mwaka kwa sababu kila pahali palipokaguliwa juzi inabidi pakaguliwe tena. Lakini hayo ni mambo ya kufanyika, fundi mzuri akiwa na muda na spea anayamaliza.

Shida ni hapo kwenye fundi na spea.

Kinachozeeka ni vitu vinavyoizunguka

DC-8 zilitengenezwa 556 tu, kiwanda kikafunga mstari huo 1972. Maana yake kuanzia mwaka huo kila DC-8 duniani inaishi kwa urithi. Pampu ya haidroliki ikifa hupigi simu kiwandani, unatafuta nani ana DC-8 iliyokatwa vipande akaweka vitu vyake stoo, na kila mwaka stoo hizo zinapungua. Wakati ndege za aina hiyo zilikuwa mamia, zikibeba abiria halafu mizigo, kulikuwa na soko: karakana zinazojua kufungua gia zake za kutua, watu wanaochonga vipuri, mafundi waliozeeka nazo. Zile ndege zikienda makaburini moja moja soko nalo linaenda. Mwishoni unabaki wewe na ndege yako, na kila kitu kinachoharibika ni mradi.

Halafu watu. Chumba cha rubani cha DC-8 kina kiti ambacho ndege za leo hazina, kiti cha injinia wa safari, mtu anayekaa nyuma ya marubani wawili akiangalia ukuta mzima wa geji: mafuta, umeme, shinikizo la hewa, injini nne. Kwenye ndege ya kisasa kama Boeing 777 kazi yote hiyo inafanywa na kompyuta. Kwa hiyo ili DC-8 ipae unahitaji mtu mwenye taaluma ambayo dunia iliacha kuifundisha kwa wingi tangu miaka ya themanini, na marubani wenyewe inabidi wafanye mazoezi kwenye simuleta ya aina hiyo, na nani anaendesha simuleta ya ndege isiyorukwa tena na mashirika? Mtu huyo akistaafu yeye, mrithi wake anatoka wapi. Mimi naona hii ndo sehemu ambayo watu huiruka wakielezea kustaafu kwa ndege, wanapenda kuongelea kutu kwa sababu inaonekana kwa macho.

Injini, ajabu, ndo hazikuwa mzigo mkubwa kiasi cha kuua ndege, maana CFM56 ni ukoo mkubwa sana, ndugu zake wadogo wako kwenye maelfu ya Boeing 737 na Airbus A320 mpaka leo. Na bora ilivyokuwa hivyo, kwa sababu injini hizo zilipitia kisa ambacho lazima nikisimulie.

Mwishoni mwa Februari 2000 volkano ya Hekla kule Iceland ililipuka. Siku mbili baadaye DC-8 ilikuwa inasafiri usiku kutoka California kwenda Kiruna, Sweden, kwenye kampeni ya kuchunguza ozoni ya Aktiki. Wahusika walijua kuhusu volkano, wakapanga njia ya kupita kaskazini zaidi ya pale majivu yalipotabiriwa. Marubani hawakuona kitu. Hakuna harufu, hakuna cheche kwenye vioo, geji za injini zimetulia. Ila nyuma, kwenye viti vya wanasayansi, mitambo ikaanza kupiga kelele: salfa na chembechembe zimepanda ghafla, kama dakika saba hivi, halafu zikashuka. Yaani ndege ilipita ndani ya wingu jembamba la majivu ambalo macho ya binadamu hayakuliona, na kwa kuwa hii ni maabara ikajipima yenyewe ikiwa inadhurika. Walipotua Kiruna wakakagua, kwa nje kila kitu kiko sawa, ndege ikaendelea na kampeni makumi ya saa. Iliporudi nyumbani wakaingiza kamera ndogo ndani ya injini ndo wakakuta matundu madogo yanayopoza mapanga ya ndani yameanza kuziba na mapanga yanaungua. Injini zote nne zikashushwa, bili ikaja Dola milioni 3.2. Kisa hiki kikawa funzo kubwa kwenye usafiri wa anga kwa sababu kilionyesha kwamba kutokuona majivu na geji kutulia havina maana injini iko salama. Ndege ya kawaida isingejua kabisa kwamba imepita kwenye majivu.

Kwani satelaiti zinafanya nini?

Hili ndo swali la pili ambalo huwa linafuata, na lina mantiki. Juu kuna satelaiti kibao, kwa nini tuhangaike na ndege ya injini nne?

Satelaiti inaangalia hewa kutoka juu mpaka chini kama mtu anayeangalia bwawa akiwa juu ya daraja. Inaweza kukwambia kwenye nguzo hii ya hewa kuna kiasi fulani cha gesi ya nitrojeni daioksaidi, lakini kukwambia gesi hiyo iko mita 50 kutoka ardhini ambapo watu wanapumua au iko kilomita nne juu ambapo haimuumizi mtu, hapo inabidi ikisie kwa hesabu. Ndege inaingia bwawani. Inashuka mpaka chini, inapanda kwa kuzunguka kama konokono, inavuta hewa yenyewe ndani ya vipimo, na ukimaliza una picha ya ngazi kwa ngazi. Ndo maana safari ya mwisho ya DC-8, kampeni ya ASIA-AQ mwanzoni mwa 2024, iliipeleka Ufilipino, Korea Kusini, Taiwan na Thailand: Korea Kusini ilikuwa imerusha kifaa cha GEMS mwaka 2020, kinachokaa juu ya Asia pahali pamoja kikipima hewa kila saa mchana, na mtu lazima aende kuhakikisha kwamba anachosema GEMS ndo kilichopo. Satelaiti bila ndege ni kama mizani ambayo hakuna aliyewahi kuiwekea jiwe la kilo moja.

Kuna kampeni nyingine iliitwa ATom, 2016 hadi 2018, hiyo kwangu ndo inaonyesha ndege hii ilikuwa nini. Waliizungusha dunia, kushuka katikati ya Pasifiki mpaka karibu na Antaktika, kupanda na Atlantiki mpaka Aktiki, majira yote manne ya mwaka, na njia nzima haikuwa inaruka sawa bali inapanda hadi kama kilomita 12 halafu inazama hadi kama mita 200 juu ya mawimbi, inapanda tena, inazama tena, siku nzima. Lengo ni hewa ya katikati ya bahari, ile ambayo hakuna mtu anaishi, kujua methani na moshi wa watu vinafika wapi na vinaishaje. Hebu fikiria umekaa kwenye ndege ya abiria inayozama hadi mita 200 juu ya bahari mara nyingi kwa siku moja, tumbo lako lingesemaje.

Na ndani sasa. Viti vingi viling'olewa, pakawekwa rafu za chuma zilizofungwa kwenye reli za sakafu, kila rafu ina mitambo na mbele yake mwanasayansi amejifunga mkanda na skrini yake, watu kama 40 wakiwa wamejaa. Madirisha mengi hayana kioo tena, yana bamba lenye bomba linalochomoza nje kuvuta hewa. Linaonekana jambo jepesi, bomba tu, kumbe ndo sayansi ngumu ya kazi yote. Hewa inaligonga hilo bomba kwa kasi ya kilomita mia nane kwa saa, ikigonga inapata joto, ikipata joto chembe za maji zinakauka na kemikali zinabadilika, chembe nzito zinashindwa kukata kona zinaganda kwenye ukuta wa bomba, kwa hiyo kinachofika kwenye mtambo sio hewa ile ile iliyokuwa nje. Kila bomba lina hesabu zake za kusahihisha, na hesabu hizo zinategemea liko sehemu gani ya mwili wa ndege, umbali gani kutoka puani, hewa inapinda vipi hapo. Miaka 37 watu wamejifunza kwamba dirisha hili hewa yake ni safi, lile la nyuma linavuta uchafu wa ndege yenyewe. Ukibadilisha ndege ujuzi huo unaanza upya.

Na hapa pana ugumu ambao mtu wa nje haufikirii. Tuseme mwaka huu umepima methani na ndege ya zamani na mwaka kesho umepima na ndege mpya ukakuta imeongezeka. Je ni methani imeongezeka au ni bomba jipya? Kwenye utafiti wa hewa hii haina mchezo maana mabadiliko yanayotafutwa ni madogo sana. Dawa yake ni kurusha ndege mbili ubavu kwa ubavu zikivuta hewa ile ile, na kubeba mitungi ya gesi ambayo kiasi chake kinajulikana ili mtambo ujipime njiani. Ni kazi ya miezi na miaka, sio ya kubandika stika ya NASA mkiani.

Ozoni, watu wanavyoisimulia vibaya

Kazi ya kwanza kubwa ya DC-8 ilikuwa Agosti na Septemba 1987 kule Punta Arenas, ncha ya kusini ya Chile. Miaka miwili kabla, Farman, Gardiner na Shanklin wa taasisi ya Uingereza ya utafiti wa Antaktika walikuwa wametangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapotea kila msimu wa machipuko wa huko. Kubishana kukaanza: wengine wakasema ni upepo tu unahamisha hewa, wengine wakasema ni klorini kutoka kwenye gesi za friji na makopo ya kupuliza. NASA wakapeleka ndege mbili. ER-2, ndugu wa ile ya kijasusi U-2, yenye rubani mmoja, ikapanda mpaka ndani ya tabaka la ozoni. DC-8 ikaruka chini yake ikiwa imejaa watu na leza zinazopigwa kwenda juu kupitia paa, ikienda mbali zaidi hadi ndani kabisa ya Antaktika.

Majibu yakawa wazi, pale klorini monoksaidi inapopanda ozoni inaanguka, mistari miwili kwenye karatasi inapishana kama watu wawili kwenye bembea. Sasa hadithi inayopendwa ni kwamba ndege zilipata ushahidi halafu dunia ikasaini Mkataba wa Montreal. Haikuwa hivyo. Mkataba ulisainiwa tarehe 16 Septemba 1987, ndege zikiwa bado ziko Punta Arenas, majibu hayajachapishwa. Wanasiasa walisaini kabla ushahidi haujakamilika, na mkataba ule wa kwanza ulikuwa mlaini. Kazi ya ndege ilikuja kuonekana baadaye, mkataba ulipokazwa London mwaka 1990, wakati huo hakuna aliyekuwa na hoja ya upepo tena. Kwangu mimi hii tamu zaidi kuliko ile ya kubuni.

Afrika nayo imo kwenye kitabu chake. Septemba na Oktoba 1992 ilifanya kampeni ya TRACE-A, ikaruka kutoka Brazil ikavuka hadi kusini mwa Afrika, kwa sababu satelaiti zilikuwa zinaonyesha ozoni nyingi juu ya Atlantiki ya kusini ambako hakuna viwanda wala magari. Chini chini wakakuta ni moshi wa moto wa nyasi na misitu wa mabara yote mawili, unapikwa na jua ukielea juu ya bahari. Na 2006 iliweka kambi Cape Verde kufuatilia mawimbi ya mvua yanayotoka Afrika Magharibi, yale ambayo mengine yakifika upande wa pili yanageuka vimbunga.

Barafu pia. Satelaiti ya ICESat iliyokuwa inapima kimo cha barafu ilikufa leza yake ya mwisho 2009, mrithi wake ICESat-2 akarushwa 2018, hapo katikati pengo la karibu miaka tisa likazibwa na ndege kwenye mradi wa IceBridge, na DC-8 ilikuwa mmoja wa wabebaji, inatoka Punta Arenas asubuhi inakwenda kupiga leza na rada juu ya Antaktika inarudi jioni. Na Juni 2010 ilipelekwa Australia kwa kazi ya usiku mmoja tu, kupiga picha chombo cha Kijapani cha Hayabusa kikirudi na vumbi la asteroidi na kuungua angani kama fataki. Mimi sijui ndege nyingine yenye CV ya namna hii.

Mrithi wake ni mnene

Desemba 2022 NASA walipata Boeing 777-200ER iliyokuwa ya Japan Airlines. Kwenye karatasi ni ushindi mtupu: DC-8 ilikuwa na uwezo wa kubeba kama tani 13.6 za mitambo, 777 kama tani 34. DC-8 saa 12 angani, 777 hadi saa 18. Watu kutoka 40 na kidogo hadi 50 au hata 100. Spea zimejaa dunia nzima, marubani wapo, viti viwili tu mbele.

Ila kuna vitu vinapotea, na ni vizuri tuseme. Mabawa ya 777 yana upana wa karibu mita 61, ya DC-8 yalikuwa kama 45, kwa hiyo viwanja vile vidogo vya visiwani ambavyo DC-8 ilijipenyeza sasa vinahitaji kufikiriwa mara mbili. Injini nne zimekuwa mbili, sio hatari, 777 zinavuka bahari kila siku, ila mipango ya kuruka juu ya Antaktika inabadilika maana ukipoteza injini moja uwanja wa karibu uko wapi. Na kutoboa. Ndege haitobolewi kama ukuta: kila tundu la leza kwenye tumbo linakata njia ya nguvu za mwili, inabidi chuma cha ziada kizunguke, hesabu zifanyike, zipitishwe. DC-8 ilitobolewa kidogo kidogo miaka yote hiyo, 777 ilitakiwa itobolewe kwa mpigo. Ndo maana DC-8 ilipoondoka Mei 2024 mrithi alikuwa hajaanza kazi ya sayansi hata siku moja, na katikati hapo mzigo ukabaki kwa ndege ndogo, P-3, Gulfstream, na ile ER-2 inayoendelea kupanda juu peke yake. Kila moja inafanya chake vizuri, ila hakuna inayobeba watu 40 na mitambo yao wote wakivuta hewa moja kwa wakati mmoja.

Hapo usichanganye na SOFIA, ile 747 yenye darubini iliyofanya safari yake ya mwisho ya sayansi Septemba 2022. Watu wanaziweka kapu moja, NASA wanaua ndege zao, lakini sababu ni tofauti kabisa. SOFIA ilikuwa inakula karibu Dola milioni 85 kwa mwaka na wanaastronomia wenyewe walipokaa kupanga vipaumbele vyao wakasema sayansi inayotoka hailingani na pesa inayoingia. Ile ilistaafishwa kwa sababu ya kazi yake, wala hakuna ndege nyingine iliyotafutwa kushika nafasi yake. DC-8 kazi yake bado inatakiwa vile vile, kilichokwisha ni dunia iliyokuwa inaihudumia. Kuna pia P-3 mbili za idara ya hali ya hewa ya Marekani zinazoingia ndani ya vimbunga, zinaitwa Kermit na Miss Piggy, ziko kazini tangu miaka ya sabini, na zenyewe tayari zinatafutiwa mbadala, ndege za aina ya C-130J, mpya kabisa kutoka kiwandani. Inaonyesha kila mtu anaijua hesabu hii, tofauti ni nani anaianza mapema.

SOFIA ilienda makumbusho Arizona. DC-8 haikwenda makumbusho, ilipewa Chuo Kikuu cha Idaho State, Pocatello, kwenye programu ya mafundi wa ndege, wanafunzi waifungue na kuifunga. Wapo waliolalamika kwamba ingefaa ikae kwenye uzio watu wapige picha, mi naona huku imepata kazi. Mwanafunzi atajifunza haidroliki, nyaya, kubandika rivet, na akifungua kifuniko cha injini atakutana na CFM56, ambayo siku akiajiriwa atakutana nayo tena chini ya bawa la 737.